Ufundi wa Kugeuza kwa Wakati

Wenyeji wa Morogoro wamezoea kuusifu mji wao kwa kuutaja upungufu wake: mji kasoro bahari. Maji yapo, matunda yapo, reli na barabara kuu zinapita mlangoni, na milima ya Uluguru imesimama nyuma ya nyumba. Kilichokosekana ni pwani. Lakini mji ambamo watu wanashuka, wanakaa saa chache, kisha wanapanda tena chombo na kwenda zao, unaishi maisha ya bandari hata kama hauna maji ya chumvi. Na bandari haikosi fundi wake: mtu anayempokea mgeni asiye na muda, akamwonyesha kitu cha maana, na kumrudisha kabla chombo hakijaondoka. Ufundi huo hauna cheti kikubwa wala sanamu mjini, nami naona unastahili sifa nyingi kuliko unazopata.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii. Henry Morton Stanley, alipokuwa njiani kumtafuta Livingstone mwaka 1871, aliukuta hapa mji wenye ngome wa Simbamwene, ulioasisiwa na Kisabengo. Msafara ukitua, ulihitaji chakula, maji na mtu wa kuueleza habari za njia ya mbele, na watu wake wote walikuwa wakihesabu siku. Mwaka 1907 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro. Baadaye ikaja barabara ya lami, na stendi ya Msamvu ikawa mahali ambapo nusu ya nchi imewahi kununua maji ya chupa kupitia dirishani.

Kisha ikaja reli ya kisasa, SGR. Tarehe 14 Juni 2024 treni za abiria zilianza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo zikaendelea hadi Dodoma. Safari iliyokuwa ikimla mtu nusu siku ndani ya basi, foleni ya Kibaha ikiwa juu yake, sasa haifiki saa mbili. Hapo hesabu ya mlima ilibadilika. Mtu wa Kinondoni anaweza kuamka kwake, akapanda Uluguru, na usiku akalala kitandani mwake. Kinachomtenganisha na siku hiyo ni jambo moja: nani atampangia?

Njia ya kwanza ni kununua kila kitu mahali pamoja. Kampuni ya safari itampa gari, chakula, mwongozaji na bei inayobeba vyote hivyo. Si njia mbaya. Ya pili ni kujipangia: kumtafuta mwongoza wageni wa Morogoro kwa simu, kukubaliana naye njia na bei, na kukutana naye stesheni. Wapo watu wa upande wa pili wa dunia wanaoishi na uchaguzi huuhuu. Meli kubwa za kitalii za Karibea hutia nanga asubuhi na kuondoka jioni, na ndani ya meli kuna kaunta ya kuuza matembezi ya nchi kavu. Abiria wanaopenda kupiga mbizi mara nyingi huiruka kaunta hiyo. Wiki kadhaa kabla ya safari wanawaandikia wenye boti ndogo wa Cozumel, kule Mexico, au wa kisiwa cha Bonaire, wakapatana kuhusu mitungi ya hewa, matumbawe watakayoyazuru na saa ya kurudishwa gatini. Wanapata kundi dogo na mwenyeji anayeijua bahari yake. Wanachopoteza ni subira ya meli: waliokata matembezi kwenye kaunta hungojewa wakichelewa, aliyejipangia huiona meli yake ikienda. Tena kuna mtego wa saa, kwa kuwa saa ya meli inaweza kutofautiana na saa ya kisiwani. Huko George Town, Grand Cayman, meli hazifungi gatini kabisa. Abiria huvushwa kwa boti, na bahari ikichafuka kapteni anaweza kukipita kisiwa, mipango yote ikabaki kwenye karatasi.

Mwongoza wageni wa Morogoro hajapiga mbizi, lakini masharti hayo yote anayajua. Mtego wa saa anao pia. Mgeni wa Ulaya akiambiwa tukutane saa mbili asubuhi, asipofafanuliwa anaweza kuelewa usiku wa manane. Kwa hiyo mwongozaji mzuri huandika saa kwa namna zote mbili katika ujumbe uleule, na huomba picha ya tiketi ya kurudi kabla hajazungumza habari za mlima. Wengi hudhani anauliza tiketi ili ajue kama mgeni ana hakika ya kuja. Sababu ni kwamba mpango wake unaanzia mwisho.

Tumfuate anavyohesabu. Tuseme treni ya kurudi inaondoka saa kumi na mbili jioni. Stesheni ipo Kihonda, nje ya katikati ya mji, na pale kuna ukaguzi wa tiketi na mizigo kama wa uwanja wa ndege. Basi saa kumi na moja mgeni awe ameshafika. Bajaji ya kutoka mjini, jioni magari yakiwa mengi, ni nusu saa. Kabla ya hapo anahitaji nusu nyingine ya kunawa matope na kula, maana atakuwa na njaa hata kama anabisha. Saa kumi, basi, awe chini ya mlima. Kushuka kutoka Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo kwenye mteremko unaoelekea kilele cha Bondwa, mwenyeji anatumia muda mfupi. Mgeni mwenye magoti ya ofisini apewe saa mbili. Nusu saa ya akiba kwa ajili ya kuteleza, kupiga picha na kufungwa kamba za viatu. Saa saba na nusu lazima wageuze. Treni ya asubuhi imemshusha saa mbili na nusu, wameanza kupanda saa tatu na nusu, wamefika saa sita na nusu. Katika siku nzima, juu wanabakiwa na saa moja.

Saa moja hiyo ndiyo bidhaa. Mwongozaji mbovu humuuzia mgeni kilele. Mzuri humuuzia saa moja iliyo salama, kisha anaijaza. Anajua aketi naye wapi ili mji wote uonekane chini na reli ikatize tambarare. Anajua ukingo wa msitu ambako ndege wanasikika. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na imetengwa muda mrefu kiasi cha kulea viumbe ambao hawapo kwingine, akiwemo chozi wa Uluguru, ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Tanganyika miaka ya 1920. Mwongozaji hamwahidi mgeni ndege huyo. Humwambia asimame, anyamaze, aone kitakachokuja.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Anayetaka kuingia hulipa tozo, Mtanzania ya kwake na mgeni ya kwake, na malipo hayapokelewi mkononi: inatolewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, unapewa kibali. Siku ambayo mtandao umegoma, nusu saa ya asubuhi inaweza kuishia kwenye benchi la ofisi. Kwa hiyo kibali hushughulikiwa siku moja kabla. Bajaji ya jioni huagizwa kwa dereva anayefahamika, na namba ya dereva wa pili inawekwa pembeni. Mama wa chakula hupigiwa simu wakati wa kushuka ili wali uwe tayari. Mgeni haoni hata moja katika haya, na mpango ukienda vizuri atadhani siku ilijiendea yenyewe.

Njia nayo ina wenyewe. Chini ya msitu, kuanzia mtaa wa mwisho wa mji hadi mpaka wa hifadhi, unapita kwenye mashamba ya watu: migomba, magimbi, njegere, stroberi zinazoteremshwa mjini zingali na umande. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo bibi unayepishana naye njiani akiwa na tenga la mboga kichwani huenda ndiye mwenye neno katika shamba unalolikanyaga. Mwongozaji husimama pembeni kumpisha, maana aliyebeba mzigo ana haki ya njia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnapanda?"

"Tunapanda, bibi. Juu kukoje?"

"Kumeanza kufunga. Msichelewe."

Mgeni amesikia salamu. Mwongozaji amepata taarifa ya hali ya hewa ambayo hakuna simu ingempa, kutoka kwa mtu aliyekuwa huko juu nusu saa iliyopita. Upande wa mashariki wa Uluguru hupokea mvua inayotoka baharini karibu mwaka mzima, na wingu likishavuka mgongo wa mlima, njia ya udongo mwekundu inakuwa sabuni. Hapo anaifanyia hesabu yake marekebisho kimoyomoyo: nusu saa ya akiba imekuwa dakika arobaini na tano, na saa ya juu imepungua. Hasemi kitu mpaka atakapolazimika kusema.

Mtihani wenyewe unakuja hapo. Mgeni amelipa nauli, amelipa tozo, ametoka jasho, na nyumba ya Morningside anaiona pale juu. Saa inasema wageuze. Anaomba dakika ishirini tu. Mwongozaji anaweza kukubali, akapata bakshishi nzuri na lawama jioni. Au akasema "Kaka, hapa ndipo mwisho wetu leo," akapata uso uliokunjamana na mgeni aliyefika stesheni mapema. Ninaowaheshimu katika kazi hii husema hilo la pili, tena kwa upole ambao haumpi mtu nafasi ya kubishana. Wengine wana mbinu: njiani kwenda juu wanaacha kusudi mahali pazuri bila kupataja, ili wakati wa kugeuza wawe na zawadi ya kumpa mgeni aliyekata tamaa.

Ufundi huo unajumuisha kukataa fedha kabla ya safari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa wa mji, kina zaidi ya mita 2,100, wakati mji upo kwenye takriban mita 500. Njia ni ya kupanda mfululizo, mizizi ikiwa ndiyo ngazi. Wapo wanaotaka kukibana kati ya treni mbili za siku moja kwa sababu wameona picha. Fundi anawaambia walale Morogoro usiku mmoja au wachague Morningside. Kimhandu, kilele cha juu kuliko vyote chenye zaidi ya mita 2,600, hakizungumzwi kabisa na mtu mwenye tiketi ya jioni.

Watu husifu kujipangia safari kana kwamba ni kujitegemea. Ukiichambua siku ya mlima utamkuta ofisa aliyetoa kibali, madereva wawili, mama wa wali, bibi mwenye tenga, na mtu mmoja aliyewaunganisha wote na saa ya treni. Aliyejipangia amewategemea watu wengi kuliko aliyenunua kifurushi. Tofauti ni kwamba anaweza kuwaona, na waliomhudumia wamelipwa mkononi mwao. Hilo ndilo jema kubwa la mtindo huu. Fedha ya mlima inabaki kwa watu wa mlimani, na wenye sababu ya kuulinda msitu unaotiririsha maji ya Ruvu mpaka kwenye mabomba ya Dar es Salaam wanaongezeka.

Ukishuka Kihonda asubuhi, basi, uwe umeshampata mtu wako siku kadhaa kabla, na umeshamtumia tiketi yako ya kurudi. Patana naye bei mapema na umlipe yote, bila kuanza kuipunguza jioni ukiwa umeshashiba. Na akikwambia mgeuze, geuza, hata kama kilele unakiona.