Juu ya Lakabu za Watungaji

Kijana aanzaye kutunga huona haya kwa mambo mawili: kazi yake na jina lake. Kazi hawezi kuificha, maana ataka isomwe. Basi huficha jina. Desturi hii ina watetezi, wala hoja yao si dhaifu. Wasema kwamba shairi la mtu asiyejulikana hupimwa kwa vina, mizani na maana yake, si kwa ukoo wala cheo cha mtungaji. Lakini yafaa tuulize kama lakabu katika fasihi yetu ilikusudiwa kuwa maficho.

Tuwatazame washairi mashuhuri. Akilimali alijiita Snow-White, na Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Lakabu hizo hazikuyafuta majina yao. Zilitajwa pamoja nayo. Katika ushairi wa majibizano jambo hili lina uzito, kwa kuwa ajibuye hana budi kumjua amjibuye, na aliyekosolewa hana budi kusimama ajitetee au akiri kosa.

Katika hadithi, Muhammed Said Abdulla alifuata njia nyingine. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa mwaka 1960 kwa jina lake mwenyewe, na mpelelezi wake akaitwa Bwana Msa. Herufi tatu za Msa ndizo zianzazo majina matatu ya mwandishi. Wengine hujivika jina la kubuni. Yeye alimvika mtu wa kubuni jina lake. Msomaji akicheka au akilaumu, ajua nani wa kuulizwa.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Nilipokuwa mwanafunzi Korogwe nilipeleka shairi gazetini kwa jina ambalo sikumwambia mtu. Likachapwa. Siku moja, katika duka moja la Manundu, mzee mmoja alilisoma kwa sauti, akahesabu kwa vidole, akaonyesha kwamba mshororo mmoja ulikuwa na mizani kumi na tano badala ya kumi na sita. Alisema kweli. Nilisimama karibu yake na sukari niliyotumwa kununua, nisiweze kumshukuru wala kumwuliza namna ya kuutengeneza. Mwalimu alikuwa mbele yangu, na jina langu la kubuni likanizuia kuwa mwanafunzi wake. Kosa lile nililirudia kwa muda mrefu.

Sisemi habari za mtu aandikaye akihofia kifungo. Huyo ana udhuru. Nasema habari za kijana ambaye hofu yake ni kukosolewa tu. Apendaye lakabu na aichukue, naam, ajipambe nayo. Lakini pawe na watu wajuao kwamba ni yake. Jina lisilo na mwenyewe halina aibu, ni kweli, lakini pia halina wa kumfundisha, na mtungaji asiyefundishwa hubaki pale alipoanzia.