Sifa za fundi redio

Fundi redio wa pwani ana adui mmoja mkuu, naye ni chumvi. Pale Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, upepo wa bahari huingia hadi kwenye matundu ya spika, ukaziotesha springi za betri kutu ya kijani na kula polepole waya wa shaba uliozungushwa kwenye koili. Kwa hiyo kazi hapa haipungui, hata kama vijana wanaona redio ni chombo cha wazee.

Akiletewa redio iliyonyamaza, fundi mzuri hakimbilii kulehemu. Huiwasha kwanza akatega sikio, maana kunyamaza nako kuna namna zake. Ikiwa kimya kabisa, pengine umeme haufiki. Spika ikivuma “shhh” lakini stesheni hakuna, basi sehemu ya kukuza sauti ni nzima, ubovu uko kwenye kupokea. Hapo ndipo anapofungua.

Ndani kuna rodi nyeusi ya feraiti yenye koili iliyogandishwa kwa nta. Hiyo ndiyo eriali ya masafa ya kati, na inachagua upande. Yule mzee anayegeuzageuza redio dirishani mpaka taarifa ya habari isikike vizuri haroghi. Anailaza rodi namna wimbi linavyotaka. FM mambo yake ni mengine. Chukua mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ugawe kwa mitetemo ya stesheni: megahezi 100 zinatoa wimbi la mita 3, kilohezi 1,000 zinatoa wimbi la mita 300. Robo ya mita 3 ni sentimita 75, takriban urefu wa eriali ya kuvuta. Eriali ikikatika, fundi huunga waya wa urefu huohuo, hata kama hajawahi kuiandika hesabu hiyo popote.

Koili na kapasita hufanya kazi kama bembea: msukumo unaokuja kwa wakati wake huipandisha juu, mingine yote hupotea bure. Ndiyo maana kati ya stesheni zote zinazopita hewani kwa pamoja, unaisikia moja.

Kazi ninayoistahi kuliko zote ni ile ya vijumba vya bati vyenye vichwa vya rangi: chekundu, cha njano, cheupe, cheusi. Redio nyingi za transista hushusha kila stesheni ya masafa ya kati hadi kilohezi 455 kabla ya kuikuza, na vijumba vitatu vya mwisho ndivyo vinavyolengwa hapo. Mwanafunzi huvishika kwa bisibisi ya chuma. Chuma kinaibadili koili iliyomo ndani ya kijumba, na akikiondoa tu, stesheni imehama. Bwana mkubwa huchonga kijiti cha mwanzi, anazungusha robo mzunguko, anasikiliza, anarudi nyuma kidogo. Hupenda kuifanya jioni, kwa stesheni hafifu ya mbali, kwa sababu jua likishazama lile tabaka la chini la angani linalomeza mawimbi ya kati hutoweka, nayo hupanda juu zaidi yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia.

Shuleni mawimbi tunayakariri kwa mpangilio: redio, mikrowevu, infraredi, mwanga, urujuanimno, eksirei, gama. Jedwali zuri, ila limekauka. Tunasahau kwamba Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio huko Karlsruhe kati ya 1887 na 1888, alikuwa naye mtu wa mikono: kipokezi chake kilikuwa pete ya waya yenye mwanya mdogo, akichungulia cheche gizani.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipolikaribia pwani hii, satelaiti zilikuwa zikiona joto la mawingu kwa infraredi, na onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likawafikia watu kwa mawimbi ya redio. Mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga. Habari hazikuhitaji daraja, zilihitaji redio nzima.

Sasa wengi husikiliza FM kwenye simu, na eriali ni ule waya wa hedifoni. Mteja akija kulalamika kuwa hedifoni zake zimekufa, fundi humwambia asizitupe: azichomeke hivyohivyo, afungulie spika ya simu.