Sifa ya Mwimbaji wa Vichekesho

Anayewaliza watu kwa wimbo ana wasaidizi wengi, kwani usiku wenyewe humsaidia, na udi, na ukumbusho wa waliofariki na waliosafiri wasirudi, hata msikilizaji asiyeguswa na lolote huweza kuinamisha kichwa kwa adabu, na hapana atakayetambua kwamba moyo wake u mahali pengine. Bali anayewachekesha hana msaidizi yeyote, maana kicheko cha kweli hakilazimishwi, na cha uongo hutambulikana hata na mtoto. Kwa sababu hiyo, baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza waimbaji wa kila namna katika mwambao huu, nimethubutu kumweka mwimbaji wa vichekesho katika safu ya mbele ya mafundi wa lugha yetu, ilhali najua kwamba aghalabu yeye ndiye atajwaye mwisho na alipwaye kidogo, na kwamba wengi wanaovunjika mbavu mbele yake usiku humwita mpuuzi asubuhi.

Wala ufundi huu si mgeni Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, ambaye watu humkumbuka zaidi kwa mashairi ya mashindano baina ya Wamazrui na watawala wa Unguja, alikuwa bingwa wa kejeli na mzaha pia, na tungo zake zilidumu vifuani mwa watu wa Mvita miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor hawajazikusanya kwa kalamu. Huko Unguja, Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, hakuwa mwimbaji wa huzuni tu: kundi lake lilikuwa na vichekesho vyake vya kuigiza, na wakubwa wa mji walichekwa humo na watu waliowaogopa mchana. Karibu zaidi na zama zetu, Bi Zuhura Swaleh, akiimba pamoja na Maulidi Juma na kundi la Musical Party, aliitia taarabu ya Mombasa mdundo wa chakacha, taishokoto ikidonoa juu na ngoma zikijibu chini, na maneno yake, yaliyojaa mafumbo ya mapenzi na ya ujirani, yakawafanya wanawake wa harusini wacheke huku wakijiziba nyuso kwa leso.

Ninayemsifu leo si miongoni mwa hao wenye majina. Ni mtu wa Likoni, Mdigo kwa asili, wa umri wa makamo, ambaye ujana wake ulikulia katika sengenya, ngoma ile ya Wadigo iongozwayo na nzumari, ambayo nyimbo zake tangu zamani husimulia yaliyotokea mtaani bila ya kumficha mwenye makosa na bila ya kumwanika. Na baadaye akajiongezea kinanda cha umeme, mpiga gitaa, na vipaza sauti vya kukodi, akawa anaitwa katika harusi na katika sherehe za wazi, kutoka Mtongwe hadi Shika Adabu. Hajawahi, kwa nijuavyo, kuimba ndani ya ukumbi wenye kuta. Nami sidhani kwamba angepaswa kuimba humo, maana ustadi wake wote umeumbwa na uwanja.

Mtu asiyehudhuria maonyesho ya nje huenda akadhani kwamba tofauti ya ukumbi na uwanja ni tofauti ya hewa na viti tu, kumbe ni tofauti ya kazi nzima. Ukumbini, kicheko kikitoka hugonga ukuta kikarudi, na waliochelewa kufahamu hucheka kwa kuwasikia waliowahi, hata mwimbaji wa wastani akapata kuonekana hodari. Uwanjani, upepo wa kaskazi hukichukua kicheko ukaenda nacho kwenye minazi, na mwimbaji huachwa na kimya kile kile alichokikuta. Fikiri tena jinsi watu wanavyokaa. Mbele kabisa, juu ya majamvi, wamo akina mama na mabibi wa pande zote mbili za harusi. Nyuma yao wasichana waliosimama kwa ajili ya nguo zao mpya. Kisha wanaume, wengine juu ya viti vya plastiki, wengine wameegemea pikipiki. Kando, muuza kahawa na birika lake, na mama wa viazi karai ambaye mafuta yake hayanyamazi. Na juu ya mwembe, watoto wasiohesabika. Hadhira hizo si moja, wala haziwezi kucheka kwa wakati mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kumfahamu mtu wangu.

Huanza na mabibi. Huwatupia neno dogo, la upole, kama mjukuu aombaye radhi, na mabibi wakacheka. Naye hasemi tena. Hugeukia kinanda, akagusa sauti mbili tatu, kana kwamba amesahau alichokuwa akikieleza, mpaka wasichana wameulizana na kuambiana, mpaka wanaume nao wamelipata na kuligeuza kwa namna yao, mpaka kicheko kimepanda mwembeni kwa watoto ambao, yamkini, hawakufahamu chochote ila furaha ya wazazi wao. Na wakati ule ule ambapo mwembe unatikisika, wala si kabla wala si baada, ndipo ataleta beti la pili. Akiharakisha, waliokaa nyuma hupotea. Akikawia, waliokaa mbele hupoa. Nimewaona vijana wenye sauti nzuri kuliko yake, na wenye maneno makali kuliko yake, wakishindwa katika uwanja ule ule kwa sababu hawakuwa na subira ya kumngojea mtu wa mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo ni ufundi wa lugha hasa, nalo ni matumizi yake ya kina. Watu wa pwani wamelelewa na mashairi, hata asiyejua kusoma masikio yake yanajua kina kinachokuja, na mwimbaji wa vichekesho huutumia ujuzi huo wa msikilizaji kuwa ndio ala yake kuu. Atapanga mishororo mitatu kwa fasaha na adabu zote, juu ya mke mwenza au juu ya fundi cherehani aliyepima nguo muda mrefu kupita haja, na vina vitakwenda vikielekea, bila ya shaka yoyote, kwenye neno moja ambalo mtu mwenye heshima halitamki mbele ya mama mkwe. Kila mmoja atalisikia neno hilo kichwani mwake kabla halijasemwa, na akina mama watakuwa wamekwisha shika leso. Kisha, pumzi ikiwa imezuiwa uwanja mzima, atatoa neno jingine lenye kina kile kile, la chungu au la samaki au la mlango, safi kama maji ya kisima, akaendelea kwa uso wa mtu aliyetoka msikitini. Neno la aibu hakulisema yeye. Limesemwa kimya na watu mia kadhaa kwa pamoja, na wanachokicheka ni nafsi zao. Mashairi yetu ya maonyo, ambayo nayaheshimu sana, hayajapata kunionyesha undani wa moyo wangu kwa wepesi kama huo.

Kutunza nako kumemjia kwa mtindo wake. Wageni hudhani kwamba anayekwenda jukwaani na noti mkononi anamlipa mwimbaji tu, walakini sisi tunajua kwamba noti hiyo ni usemi: mwanamke huinuka katika beti fulani, si jingine, akatembea polepole, akicheza, akipita mbele ya mtu fulani, na kila anayejua mambo ya mtaa huwa amepata habari nzima. Taarabu ya Unguja na ya Mombasa zimeishi kwa mazungumzo haya ya kimya, na mara nyingine zimeleta ugomvi. Mtu wangu wa Likoni amejifunza kuugeuza moto huo. Akiona kwamba mwenye kutunza ana hasira ya kweli, na kwamba beti lake limekusudiwa kumchoma jirani, hatalirudia beti lile kama ilivyo desturi. Atalipokea tuzo kwa taadhima, kisha papo hapo atatunga la kujisema mwenyewe, ya kwamba hata yeye amesemwa na mkewe kwa jambo lile lile, na jirani aliyekuwa amekunja uso hupata nafasi ya kucheka pamoja na aliyemkusudia. Nimekwisha kuona mashoga wawili wakipatanishwa hivyo, bila ya mzee yeyote kuitwa.

Akitaka kuwachekesha watu wote bila ya kubagua, huimba habari za Likoni yenyewe. Huimba maji, kwa kuwa mifereji ya upande huu wa kusini hukauka siku nyingi, na mwenye mkokoteni wa mitungi ya lita 20 huingia mtaani na fahari ya sultani, akichagua nyumba ya kuanzia. Akina mama hucheka mpaka machozi, nao ndio waliokesha wakisubiri maji hayo. Huimba kuvuka. Usiku mmoja, alipokuwa katika wimbo wa mume aliyechelewa kurudi kutoka kisiwani na kusingizia feri, honi ya feri yenyewe ililia kutoka mlangoni mwa Kilindini, ndefu, wazi, ikaja na upepo hadi kiwanjani. Naye, bila ya kupoteza pigo hata moja, akanyamaza, akaisikiliza kwa makini, akaigeukia hadhira na kusema kwamba shahidi amefika, tumwulize. Hapana aliyeandaa jambo lile. Lakini mtu asiyekuwa tayari kwa miaka ishirini hawezi kuwa tayari kwa dakika ile.

Na kwa kuwa nimetaja feri, yanipasa kutaja pia mpaka ambao hauvuki. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka katika mlango huo huo wa bahari, wakafa watu 272, na hapana mtaa wa Likoni usiokuwa na nyumba iliyofiwa. Mwimbaji huyu ana nyimbo za foleni, za makondakta, za mbuzi aliyekataa kushuka, na za maharusi waliovushwa ng'ambo bila ya shehe wao. Bali siku ile hajaigusa hata kwa ukingo wa fumbo, na watu wake hawajamwomba aiguse. Asiyejua lipi la kuachwa hajawa mchekeshaji bado, hata awe na maneno kiasi gani. Kadhalika hamchekeshi mtu kwa kilema alichozaliwa nacho, wala kwa kabila lake, ingawa Likoni ya leo ni ya Wadigo na Waswahili, na ya Wakamba na Wajaluo na wengineo, na mzaha wa lafudhi ungekuwa rahisi kwake. Lafudhi anayoicheka ni ya Kidigo chake. Hivyo ndivyo alivyofanya pia marehemu Abel Motika wa Tanzania, aliyejulikana kwa jina la Mr. Ebbo na aliyefariki mwaka 2011: alikuwa Mmasai, akakiimba Kiswahili cha Mmasai kwa kuchekesha na kwa kujivuna, na Wamasai wakamshangilia kwa kuwa mzaha ulitoka nyumbani.

Ninalolisikitikia ni kwamba sanaa hii haihifadhiwi. Mombasa iliwahi kuwa mji wa kutia nyimbo katika santuri na kaseti. Assanand na wanawe walikuwa na lebo yao ya Mzuri, na duka la Mbwana Radio Service katika Mji wa Kale liliwapatia watu wa pwani kaseti za taarabu kwa miaka mingi. Na kwa juhudi hizo tunazo leo sauti za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Lakini mchekeshaji wa uwanjani hakuhifadhiwa kwa wingi kama huo, kwa sababu nusu ya wimbo wake ni ya watu waliokuwapo, na wenye mitambo walizikata sehemu za vicheko wakidhani ni makelele. Siku hizi kila kijana anayo simu, na video fupi hurushwa kabla harusi haijaisha, walakini zinarushwa bila ya jina la mtunzi, bila ya jina la mtaa, na bila ya mishororo mitatu ya kwanza ambayo ndiyo iliyokibeba kicheko.

Basi wewe usomaye haya, ikiwa nyumbani kwenu imo kaseti ya harusi ya shangazi au ya mama, yenye vicheko na vigelegele na sauti ya mtu usiyemjua akiimba katikati, usiitupe: waulize wazee jina lake, uliandike juu ya ganda pamoja na mtaa na mwaka, kisha uinakili kabla utepe haujaoza. Na kaskazi ikivuma, ukasikia kwamba kuna tamasha la wazi Likoni, vuka uende. Atembeaye kwa miguu hatozwi nauli katika feri ile. Nauli uliyoiokoa mpelekee mwimbaji mkononi, beti likiwa bado linaimbwa.