Kidonge cha REPRIEVE na presha ya Ihumwa

Kama umo kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa afya, lazima umeshakutana nayo: dawa ya kolesteroli inapunguza magonjwa ya moyo kwa wenye VVU kwa asilimia 35. Habari hiyo inazunguka tangu 2023 na haichoki kurudi kama mpya. Mimi nilitumiwa mara ya mwisho na mama yangu mdogo anayeishi Ihumwa, hapa Dodoma, upande ule wa reli ya SGR. Chini yake aliandika neno moja tu: "Nimeze?"

Mama mdogo anaishi na VVU kwa miaka mingi (ameniruhusu niandike, bila jina lake). Virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kushoto mpaka leo haushiki vizuri sufuria. Hajawahi kukosa tarehe ya kliniki, na katika miaka yote hiyo anakumbuka kufungwa ule mkanda wa presha mara mbili. Kwa hiyo swali lake si la udadisi. Nikaamua kusoma utafiti wenyewe, si kichwa cha habari, na haya ndiyo niliyomjibu, ila kwako msomaji nimerefusha.

Tuanze na kwa nini moyo. ARV zinamzuia kirusi kuzaliana lakini hazimfukuzi mwilini. Anabaki amejificha ndani ya seli, na kinga ya mwili inabaki macho. Halafu kuna habari ya utumbo: siku za mwanzo za maambukizi VVU huua seli nyingi za CD4 zilizoko kwenye ukuta wa utumbo, ukuta unaanza kuvuja, vipande vya bakteria vinaingia kwenye damu, na kinga inaendelea kupambana navyo hata miaka ikipita. Wataalamu wanaiita inflamesheni. Hapa ni ile ya chini kwa chini, haina homa wala maumivu, lakini inachubua kuta za mishipa ya damu na mafuta yanapata pa kugandia.

Zamani ilidhaniwa dawa ndizo zinazoumiza moyo. Utafiti wa SMART, uliotoka 2006, ulichukua watu 5,472, nusu wakaendelea na ARV na nusu wakawa wanapumzishwa kulingana na CD4 zao. Waliopumzishwa ndio waliokufa zaidi, na matatizo ya moyo yakawa mengi zaidi kwao. Naomba hilo lisikupite: usiache ARV kwa kuogopa moyo.

Sasa REPRIEVE. Watu 7,769 wenye VVU, miaka 40 hadi 75, nchi 12, na kwa Afrika Mashariki ni Uganda peke yake. Nusu walimeza pitavastatini miligramu 4 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa mapema 2023, baada ya kama miaka mitano ya kuwafuatilia, kwa sababu faida ilishaonekana. Ni kazi kubwa na sitaki kuidharau. Walichagua watu ambao kwa vigezo vya kawaida hatari yao ni ndogo au ya wastani, yaani wale ambao daktari angewaambia "nenda tu, uko salama". Na walichagua statini isiyogombana na ARV, tofauti na simvastatini, ambayo ukiichanganya na dawa zenye ritonaviri inaweza kupanda kwenye damu na kuharibu misuli. Kwa hiyo usiende kujinunulia statini yoyote dukani.

Lakini hiyo 35. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka mmoja, waliomeza kidonge kitupu walipata matukio 7.32, na waliomeza dawa 4.81. Tofauti ni watu wawili au watatu katika elfu moja kwa mwaka. Si kitu kidogo ukikumbuka kwamba utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikadiria watu wazima zaidi ya milioni moja na nusu wanaishi na VVU Tanzania. Ila ukimwambia mtu "asilimia 35" bila kumwambia asilimia 35 ya nini, umemuuzia kitu bila kumfungulia mfuko. Na kisukari kipya kiliongezeka kidogo kwa waliomeza dawa, 5.3% dhidi ya 4.0%. Kwenye zile meseji za WhatsApp hili sijaliona hata mara moja.

Kinachonisumbua zaidi ni kapu la matukio yenyewe. REPRIEVE ilihesabu kifo cha moyo na mishipa, shambulio la moyo, kiharusi, na pia mtu kuzibuliwa mishipa hospitalini. Hili la mwisho linatokea tu pale penye mashine na mtaalamu wa kuzibua. Ukiwa Boston linahesabika. Ukiwa kijijini Chamwino, mshipa unaziba, mtu anazikwa, na majirani wanasema alikuwa anaumwa kifua. Kushindwa kwa moyo hakukuwemo kwenye kapu kuu. Sasa angalia kwetu: utafiti wa Muhimbili wa wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi, uliotoka 2014, ulikuta chanzo kikuu ni presha, 45%. Mishipa ya moyo iliyoziba ilikuwa 9% tu. Hao hawakuchaguliwa kwa VVU, ni wagonjwa wa moyo kwa jumla, lakini ndio moyo tunaouona wodini. REPRIEVE imejibu vizuri swali la mishipa iliyoziba. Swali la presha haikuulizwa.

Wanawake walikuwa 31% ya washiriki. Kwenye ule utafiti wa kitaifa, wanawake wenye VVU ni 5.6% na wanaume 3.0%. Mama mdogo wangu ndiye mgonjwa wa kawaida wa kliniki zetu, na kwenye jaribio hilo yeye ni wa pembeni.

Kuna pia madai kwamba statini inatuliza kinga iliyochachamaa. Linasikika vizuri, na mimi nililiamini mpaka niliposoma sehemu ya utafiti iliyochunguza mishipa na damu za washiriki 804. Wote walikuwa Marekani. Uvimbe laini wa mafuta kwenye mishipa ulipungua kwa 7%, sawa. Lakini vipimo vya inflamesheni kama IL-6 na CRP havikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Kwa hiyo tusiseme kidonge kinatibu kinga. Kinasafisha mafuta, na pengine kinafanya mengine ambayo bado hayajashikika.

Nirudi kwenye presha. Mwanza, watafiti walilinganisha watu wazima wa makundi matatu na kuchapisha 2014. Wasio na VVU: presha 16.3%. Wenye VVU ambao hawajaanza dawa: 5.3%. Waliokunywa ARV zaidi ya miaka miwili: 28.7%. Utafiti huu nao una tatizo lake, ni picha ya siku moja. Haiwezi kukuambia kama ni dawa, au ni mwili kurudi uzito, au ni umri tu kwa kuwa sasa watu wanaishi. Lakini kwa mhudumu wa kliniki sababu inaweza kusubiri. Zaidi ya mmoja kati ya wanne waliokaa kwenye benchi lake ana presha, na mashine ya kuipima haihitaji maabara.

Kisingizio cha kwamba tukichanganya huduma, za VVU zitazorota, nacho kimejibiwa. INTE-AFRICA ilijaribu katika vituo 32 vya Dar es Salaam na Kampala: VVU, presha na kisukari kwenye kliniki moja, foleni moja. Virusi vilidhibitiwa kwa takribani 97% pande zote mbili, waliochanganywa na waliotenganishwa. Ni mjini, najua, na ulikuwa mradi wenye wasimamizi. Bado uko karibu na Ihumwa kuliko Boston.

Kwa hiyo nikampigia mama mdogo. Nikamwambia REPRIEVE haikumhusu tangu mwanzo, maana watu waliokwisha kupata ugonjwa wa mishipa kama wake hawakuingizwa. Kwa aliyepata kiharusi cha mshipa kuziba, statini ilikuwa kwenye mwongozo wa matibabu miaka mingi kabla ya 2023, na swali ni kwa nini hakuandikiwa wakati ule. Aende nalo kwa daktari, na kadi yake ya CTC mkononi ili aonekane anakunywa ARV gani.

"Na presha?" akauliza.

Nikamuuliza mara ya mwisho ilikuwa ngapi. Akasema hajui, walipima lakini hawakuandika.