Baba na Mama: Taashira ya Ndoa katika Jamaa ya Kolwezi

Msomaji wa pwani akutanapo na neno "Jamaa" katika maandishi yahusuyo Katanga, aghalabu huwaza watu wa ukoo mmoja, au huukumbuka Ujamaa wa Mwalimu Nyerere. Mawazo yote mawili yanapotosha. Jamaa ya Kolwezi, iliyochipuka miongoni mwa Wakatoliki wa kambi za migodi ya shaba katika miaka ya 1950, ilitangulia Azimio la Arusha (1967), na kiini chake si ukoo, bali mume na mke.

Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945. Humo aliwaeleza Waafrika. Kolwezi, kwa Kiswahili cha kambini, ilimbidi awasikilize. Hapo ndipo yalipopata uzito maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Fabian (1971) ameyachambua mafundisho haya kwa makini. Hata hivyo, kwa maoni yetu, maneno hayo hayaeleweki pasipo taashira inayoyabeba, yaani Bwana Yesu na Bikira Maria wakitazamwa kama jozi. Mume humwona Maria katika mkewe, naye mke humwona Yesu katika mumewe.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba mama na mwana wamegeuzwa wanandoa. La hasha. Kinachounganishwa ni mawazo, na katika lugha ya Jamaa mawazo hupokewa, tena huzaa: amfundishaye mwenziwe amemzaa, naye huitwa baba au mama yake. Kwa mantiki hiyo, hata wasiojaliwa mtoto waweza kuwa wazazi. Katika jamii ambamo utasa ni aibu kubwa, hilo si jambo dogo.

Wapo wanaodai kuwa jozi hii ni kivuli tu cha siasa ya Union Minière, ambayo tangu miaka ya 1920 ilihimiza mfanyakazi aishi kambini na mkewe. Uhusiano upo, hatuukani. Lakini kampuni yenyewe ilijifanya baba wa wote. Ndiyo maana Donatien Dibwe dia Mwembu, katika jina la kitabu chake cha 2001, anawaita wana wa Shaba kuwa wameachwa na baba yao. Baba huyo hakuwa na Mama. Baba wa Jamaa huitwa hivyo pamoja na mkewe.