Makerere Walianza na Kipande, Arusha Ianze na Tarehe

Novemba 2011 gari dogo la umeme la viti viwili, Kiira EV, liliendeshwa kwa majaribio katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Lilikuwa kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa uhandisi, na magazeti ya Afrika Mashariki yalilishangilia. Kwa fundi, hata hivyo, somo lipo katika miaka iliyotangulia siku ile.

Mwaka 2008 Makerere hawakuwa na gari lao, walikuwa na kipande cha gari la watu. Vyuo vya nchi mbalimbali viligawana kazi ya kusanifu Vision 200, gari la abiria watano linalotumia mafuta na umeme, katika mradi ulioanzia kwa wanafunzi wa MIT, Marekani. Gari lenyewe liliunganishwa Turin, Italia. Timu ya Kampala ilishiriki upande wa mfumo wa nguvu na mawasiliano ya ndani ya gari. Anayetengeneza kipande cha kufungwa kwenye gari lililoko bara jingine hana nafasi ya kukilazimisha kwa nyundo. Lazima achore, aandike volti, unene wa waya, tundu la bolti, kisha amwamini mwenzake kwa karatasi. Nidhamu hiyo, kwa maoni yangu, iliwafaa kuliko mota yoyote waliyonunua baadaye.

Jambo la pili ni watu. Mwanafunzi wa uhandisi hukaa chuoni miaka minne. Anapoanza kuielewa chesisi, anahitimu. Makerere mradi ulibaki mikononi mwa wahadhiri walewale, Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na Paul Isaac Musasizi, huku serikali ya Uganda ikitoa fedha. Ndiyo maana baada ya Kiira EV lilikuja gari la viti vitano, Kiira EV Smack, mwaka 2014, kisha basi la Kayoola mwaka 2016, lenye viti 35 na paneli za jua juu ya paa.

Paa hilo lilipewa sifa kupita kiasi. Jua kali la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Chukua mita 15 za mraba: unapata kilowati tatu, wakati basi lililojaa abiria hudai makumi ya kilowati likipanda mlima. Paneli husaidia betri, lakini kazi ya kulivuta basi ni ya umeme wa kuchomeka ukutani. Na seli za betri hizo hazikutengenezwa Uganda. Simlaumu mtu kwa hilo. Viwanda vingi vya magari duniani hununua seli.

Kilichokosekana Kampala ni mashindano. Katika Formula Student, mashindano ya wanafunzi wanaojenga magari ya mbio, ambayo asili yake ni Marekani na iliyofika Uingereza mwaka 1998, timu hugombea pointi 1,000, na 150 kati ya hizo ni za kujibu maswali ya majaji kuhusu usanifu: kwa nini bomba hili, kwa nini springi ile. Gharama nazo huhesabiwa. Mbio ndefu ni kama kilomita 22, na magari mengi huishia njiani. Timu ya Zürich, Uswisi, mwaka 2023 ilifikisha gari lake la umeme kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 0.956, baada ya miaka mingi ya kujenga gari jipya kila msimu. Tarehe ya mashindano haiahirishwi kumsubiri mgeni rasmi.

Sasa tuje Arusha. Mikono ipo. Gereji za mji huu hukata Land Cruiser, zikaongeza urefu wa fremu, zikachomelea bodi mpya na kuweka paa la kufunguka kwa ajili ya watalii, kisha gari likapigwa rafu rodi mwaka mzima. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, na Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Hata mwinuko wa mji unafaa kwa gari la umeme. Kwenye mita 1,400 shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 15, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mota ya umeme haivuti hewa ya kuchomea, haijali.

Mlima Meru wenyewe ni mtihani mzuri. Kutoka lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba ni kupanda kama mita 1,000. Gari la kilo 700 huhitaji takriban kilowati-saa 1.9 kwa kuinua uzito peke yake, kabla ya msuguano wa matairi na joto la mota. Wakati wa kushuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo, ikiwa wanafunzi wameipanga vizuri programu ya breki. Hesabu kama hiyo mwanafunzi wa diploma anaiweza, na gereji ya jirani inaweza kumchomelea fremu.

Vyuo vyetu visianze kwa kuahidi gari zima. Vikubaliane na gereji tarehe moja kila mwaka, barabara moja ya kupanda na kanuni za kurasa chache, na kila timu inayohitimu iwaachie wanaobaki michoro yake yote, pamoja na ile iliyoshindwa.