Fundi Anayepangusa

Kufungua wota pampu si kazi ya kumpimia fundi. Hata kijana wa wiki ya kwanza gereji, ukimpa spana na muda, ataitoa. Mpime fundi baada ya hapo, pampu kuukuu ikiwa chini, mdomo wa injini uko wazi, na gasketi ya zamani imegandia pale kama ukoko kwenye sufuria. Wengi hupaka silikoni juu ya uchafu huohuo, wakabana, wakamwita mteja. Ninayemsifu mimi huvuta stuli. Hukwangua taratibu, kwa kuwa aluminiamu ni laini na mkwaruzo mmoja wa bisibisi ni njia ya maji. Hupangusa, hupitisha kidole, hupangusa tena, huku mwenye gari akidhani kazi imesimama. Kisha bolti zote huzianza kwa mkono, ndipo azikaze kwa kupishanisha, kidogo kidogo. Ni bolti nyembamba. Nyingi zinataka nguvu ya kiganja, si ya bega.

Kinacholindwa na upanguzaji huo ni kikubwa. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za sentigredi kwa kitambo kidogo kila unapowaka, ilhali aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa silinda hedi ni maji yanayotembea. Yakiacha kutembea kwenye mlima wa Kitonga, gari limejaa watu na mizigo, hedi hupinda, gasketi yake huungua, na bili ya spea moja hugeuka bili ya injini nzima. Ford waliwahi kuiacha pampu: Model T za mwanzo kabisa, za 1908, zilikuwa nayo, kisha ikaondolewa, maji yakaachwa yapande yakipata moto na kushuka yakipoa. Kwa injini ya nguvu za farasi 20 ilitosha. Kitonga haitoshi.

Pampu yenyewe haina mengi: shafti, beringi, sili na mapanga ya kusukumia maji. Ila walioibuni waliifikiria hata siku yake ya kuchoka. Chini ya shingo yake waliacha kitundu kidogo, ili sili ikianza kulegea maji yatokee hapo kabla hayajaizamisha beringi. Fundi makini humulika tochi kutafuta alama iliyokauka, ya waridi au ya kijani kulingana na kulanti iliyotumika. Huzima injini, hushika puli, huitikisa. Ikicheza, beringi imekwisha. Nimewahi kuona kitundu hicho kimezibwa kwa gundi ya chuma. Aliyeziba alijipatia siku chache za amani. Mwenye gari alivutwa kwa kamba.

Kwenye Toyota IST au Probox pampu iko nje, inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha alternata. Kwenye Subaru Forester yenye injini ya EJ20, inazungushwa na taimingi belti na imejificha nyuma ya vifuniko. Hapo fundi hupata mtihani usiohitaji spana. Mteja amekuja kubadili belti, pampu haivuji, na fundi anapaswa kusema: "Bosi, tukishafika hapa, na hii tuitoe." Bosi husikia harufu ya wizi. Lakini pampu hiyo ikija kukwama, belti inaweza kuruka meno au kukatika, valvu zikagongana na pistoni. Hata ikivuja tu, kazi yote ya kufungua italipiwa upya. Fundi anayesema ukweli huo akijua ataonekana tapeli ananipendeza kuliko mwenye mikono myepesi.

Na kuhusu maji, sina uvumilivu. Maji ya kisima chenye chumvi hula chuma na kuichosha sili, hata yakiwa ya bure. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kulanti pamoja na mfuniko mzima wa rejeta, unaobana shinikizo, ndivyo vinavyokipandisha kiwango hicho. Wapo pia wanaong'oa themostati na kuitupa, wakiamini wameipoza injini. Wameifanya ichelewe kupata joto lake, inywe mafuta zaidi na ilike mapema.

Pampu mpya ikishafungwa, bado kuna hewa. Fundi hujaza taratibu injini ikiwa baridi, huiwasha mfuniko ukiwa wazi, hita imefunguliwa hadi mwisho, akingoja themostati ifunguke na mapovu yaishe. Feni ikishazunguka na kujizima, watu wa haraka hudai ufunguo wao. Yeye humwomba mteja arudi kesho yake asubuhi gari likiwa limepoa, atazame kama maji yameshuka. Wengi hawarudi, kwa hiyo huwapigia simu yeye mwenyewe.